Fundo la Kumi na Tatu

Walipogawa vitu vya Tantine Kabedi, wiki moja baada ya kumzika, mimi nilipewa kamba. Wengine walipata masufuria, vitenge, redio, na yule jogoo aliyeanza kugombaniwa hata kabla Tantine hajaugua. Mimi nilipata kipande cha uzi wa nyavu, kijani kilichopauka, chenye mafundo. "Hii ilikuwa pa musumari nyuma ya mulango," binti yake aliniambia. "Alisema nikupatie weye. Sijue ni ya nini. Weye unajua?" Nilisema najua. Mama mmoja aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo kuja msibani akasema kwamba hata panya wa nyumba ile wamerithi kunizidi, na watu wakacheka, kwa sababu matanga yalikuwa yamekuwa marefu na kila mtu alitaka sababu ya kucheka. Mimi pia nilicheka. Nikaitia kamba mfukoni, nikaenda kufungua kibanda changu kana kwamba ni siku ya kazi kama nyingine.

Nina miaka thelathini na moja. Nachapa barua na kutoa fotokopi karibu na boma la Nchelenge, yaani ofisi za wilaya, na wateja wangu wengi ni vijana wanaosoma vyuo kwa masafa. Wananiletea fomu za kuchagua masomo niwajazie, kwa sababu wanasema mwandiko wangu ni mzuri na sikosei. Ni kweli, sikosei. Naangalia fomu ya kila mmoja kwanza upande wa kulia, mahali pa yale tunayoyaita masomo ya wote, ambayo kila mwanafunzi lazima ayapasi, awe anasomea ualimu, uhasibu au ufugaji wa nyuki. Mtu akiwa ameyaruka, namgombeza. Juzi nilimgombeza msichana mmoja mpaka akalia, eti kwa nini ameandika somo la ziada la historia wakati hajamaliza kompyuta. Akasema, "Lakini historia ndiyo ninayoiweza." Nilimrudishia fomu bila kuijaza. Sikumweleza kwa nini.

Mwaka ninaouandika hapa ni mwaka wangu wa pili wa chuo, tangu ziwa lilipofunguliwa mwezi wa Machi hadi lilipofunguliwa tena Machi iliyofuata. Sisi huku tunahesabu hivyo, kwa sababu kila mwaka serikali hufunga uvuvi miezi mitatu ili samaki wazae, na miezi hiyo hata kuku wanatembea kwa huzuni. Nilikuwa na miaka ishirini. Jinsi nilivyofika kuishi kwa Tantine ni habari ya siku nyingine, tena haina uzuri. Inatosha kujua kwamba hakuwa shangazi yangu wa damu, kwamba alizaliwa ng'ambo, na kwamba mimi na yeye tuliongea Kiswahili chake cha Katanga ndani ya nyumba, na Kibemba tukivuka kizingiti.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Changu ndicho kilichokuwa na dirisha, naye aliuacha mwanga huo kwangu. Meza yangu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti, na tundu la kitasa lilikuwa upande wa kushoto, pale nilipoweka kalamu zisianguke. Vitabu vya chuo vilinuka chisense, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani, kwa sababu kila kitu mle ndani kilinuka chisense, na kwa miaka mingi niliamini kwamba ndivyo karatasi inavyonuka. Tulikula bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe, ndiyo kisamvu. Ziwa likiwa wazi tulikula pia samaki mpana anayeitwa pale, naye Tantine alininyima kichwa akidai kwamba mwanafunzi akila kichwa cha samaki anasahau. Kichwa alikila mwenyewe, polepole, akiniangalia. "Miye hapana na kitu cha kusahau," alisema.

Siku niliyomweleza mambo ya chuo nilimwonyesha kadi yangu. Ilikuwa kadi ya njano, ngumu, yenye masomo kumi na matatu: tisa ya fani yangu, biolojia na jiografia, upande wa kushoto, na manne ya wote upande wa kulia. Kila somo likipasiwa, ofisi iligonga muhuri wa zambarau mbele yake. Mihuri yote ikitimia, mwanafunzi alipelekwa shule fulani kufundisha miezi mitatu, kisha angepewa diploma. Tantine hakujua kusoma. Alipitisha kidole gumba juu ya muhuri wa kwanza, akakitazama kidole kama kimechafuka, kisha akakata uzi kwenye bobini la nyavu na kufunga fundo. "Alor," alisema, "kumi na tatu. Siku itafika, tutashona vitenge bya kufanana, miye na weye, na hii kamba nitaivaa mu shingo kanisani. Bacheke." Mwaka wangu wa pili ulipoanza, mwezi wa Machi, kamba ilikuwa na mafundo saba.

Kazi ya kushona nyavu huku ni ya wanaume, lakini Tantine aliifanya vizuri kuliko wao, na wakati ziwa limefungwa walimletea nyavu zao hata kutoka Kilwa, kisiwa cha humuhumu ziwani kwetu. Alikaa barazani, miguu imenyooka, wavu umefungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Nilimsaidia nilipochoka kusoma, naye alinifundisha mafundo mawili. La kwanza ni la kufa. Ukilikaza, halifunguki mpaka ulikate. La pili ni la kungojea, linalofungwa pale ambapo tundu ni kubwa na uzi hautoshi, au ambapo mwenye wavu hajaamua. Kwa jicho ni sawa na la kufa. Ukivuta mkia wake linafunguka lote. "Unaliacha pale sawa mutu anaacha mulango bila kufunga," alisema. "Macho ikichoka, kidole kinapita, kinasikia: hapa kungali kazi." Nilifunga la kufa kwa shida na la kungojea sikuliweza kabisa, kwa sababu nililikaza kupita kiasi kila mara. Akaniambia mikono yangu haina uvumilivu na kitu kisichokwisha. Nilikasirika. Nilidhani anazungumzia nyavu.

Nilisoma kwa namna ambayo sasa naiona aibu. Kazi ya kurasa tano niliinakili mara nane. Nikikosea neno moja kwenye mstari wa mwisho nilichana ukurasa mzima, na Tantine aliokota vipande kuwashia moto. Nilipata themanini na nne, nikakosa usingizi nikitafuta zile kumi na sita. Rafiki yangu Bupe, tuliyekuwa tukigawana vitabu, alikuja Jumamosi na kulala kwenye mkeka huku nikimsomea kwa sauti. Yeye alipata hamsini na moja, hamsini na tatu, na mara moja hamsini kamili, na siku hiyo alileta soda kusherehekea.

"Iwe, wewe Mwape," aliniambia, nami nilikuwa nafuta tarehe ili niiandike upya, "unamwandikia mwalimu au unamwandikia Mungu?"

"Naandika inavyotakiwa."

"Inatakiwa hamsini. Zile zingine unampelekea nani?"

Tantine alicheka barazani mpaka wavu ukatetemeka. Lakini siku nyingine nilimsikia, kupitia ukuta, akiongea na wanawake waliokuja kufuata nyavu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayevaa nguo mpya. "Mutoto wangu eko anasoma bintu bya samaki ata samaki yenyewe haijue," alisema. "Anajua moyo yake iko na vyumba ngapi." Mmoja akauliza kama hayo yanasaidia samaki kuiva upesi. "Cheka tu," Tantine akajibu. "Siku akikuwa profu, bitoto byako bitamusalimia na magoti." Nilikuwa mezani, kalamu kwenye tundu la kitasa. Sikuweza kuandika tena jioni ile. Furaha ya mtu mwingine ilikuwa imenikalia kifuani, nami nikaanza kuogopa kuitingisha.

Kufika mwezi wa nane nilikuwa na mafundo kumi na mawili. Masomo yote tisa ya kushoto yalikuwa na muhuri, na matatu ya kulia. Lililobaki lilikuwa moja, Mawasiliano, na hilo nilikuwa nimelikwepa tangu mwaka wa kwanza. Kuandika kwake hakukunisumbua. Lakini mtihani wake ulikuwa wa kusimama dakika kumi mbele ya mwalimu na wanafunzi wengine, ukieleza jambo kwa Kiingereza. Kiingereza changu nilijifunza peke yangu, kutoka vitabu na magazeti ya kufungia mandazi. Maneno mengi niliyoyajua kwa macho sikuwahi kuyasikia kinywani mwa mtu. Mwaka wa kwanza nilisimama darasani kuuliza swali, nikatamka neno moja kama lilivyoandikwa, na chumba kizima kikacheka. Mwalimu mwenyewe aliinamisha kichwa kuficha meno. Ni sekunde tatu au nne tu. Nimeishi ndani ya sekunde hizo zaidi ya nilivyoishi nyumba yoyote.

Kwa hiyo kila mtihani wa Mawasiliano ulipofika nilikwenda ofisini kujaza fomu ya kuahirisha. Mara ya kwanza niliandika malaria. Mara ya pili niliandika msiba, nikamuua mjomba ambaye sina. Mara ya tatu sikuandika sababu, na hakuna aliyeuliza. Nilikuwa na hotuba yangu tayari, kuhusu kwa nini ziwa hufungwa, kurasa nne, na niliijua kwa moyo. Ila ukurasa wa tatu ulikuwa na sentensi isiyonitosheleza. Nilisema nitakwenda nikishaitengeneza.

Badala yake niliomba somo la ziada, la viumbe wa maji baridi, lisilokuwa kwenye kadi yangu. Nyuma ya kadi iliandikwa waziwazi kwamba masomo ya ziada hayachukui nafasi ya masomo ya wote. Sitaki mtu aniokoe hapa kwa kusema sikujua. Mimi ndiye niliyesoma nyuma ya kadi. Bupe hakuwahi hata kuigeuza. Nilijua, lakini niliamini kwamba nikipata alama kubwa vya kutosha mtu fulani mahali fulani angeona aibu kunizuia. Majibu yalikuja mwezi wa kwanza, ziwa likiwa limefungwa. Tisini na nne. Hakuna aliyewahi kuipata katika kituo chetu.

Nilimkuta Tantine jikoni na ungo wa unga wa muhogo. Nikamwambia nimepasi, tisini na nne. Alipiga kigelegele kifupi, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Njo ya mwisho?" aliuliza. "Njo ya kumi na tatu?"

Nilisema ndiyo.

"Lete kadi, nione ile alama."

"Kadi imebaki ofisini, Tantine. Wanaiandika vizuri."

Alinitazama kidogo. Kila mara kabla ya hapo nilikuwa nimekuja na kadi, nikikimbia, muhuri haujakauka. Kisha akasema, "Bon," akaenda nyuma ya mlango na kuitoa kamba. Nilichukua ungo nikaendelea kupepeta unga ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa. Sikutazama vidole vyake. Nilisikia tu pumzi yake ya puani, ile ya kuvuta uzi, halafu msumari ukipokea kamba. Jumapili iliyofuata alinunua kitambaa cha samawati chenye ndege weupe, akampelekea fundi vipimo vyetu wote wawili.

Mwisho wa Februari niliitwa ofisini pamoja na wote waliotarajia kwenda kufundisha. Msimamizi wa kituo alikuwa Bwana Mulenga, mtu wa upole aliyewaita hata wanafunzi wake kwa heshima ya Kibemba. Alipanga kadi mezani. Bupe alipewa barua yake kwanza. Alipangiwa shule ya Kashikishi, hapohapo karibu, na akatoka akicheza. Kisha Bwana Mulenga akaishika yangu, akaigeuza kuona muhuri wa somo la ziada uliogongwa nyuma, akairudisha.

"Ba Mwape," alisema, "mihuri yako ni kumi na tatu. Lakini siyo kumi na tatu yetu."

Nilimwonyesha tisini na nne. Akasema ameiona, ameionyesha hata mke wake. Kisha akaniambia jambo lililokuwa likisemwa kwenye ubao wa matangazo tangu Novemba, ambalo pia nilikuwa nimelisoma: kwamba mtaala unabadilika, na asiyekamilisha kabla ya Machi ataanza upya na kadi mpya, na mihuri ya zamani haitahesabiwa. Alinyanyuka, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Sikiliza, mukwai. Mwalimu wa Mawasiliano amekuja leo kutoka Mansa, yuko chumba cha pili, anaondoka saa sita. Ingia. Zungumza dakika kumi. Hata ukizungumza vibaya. Namjua, atakupa hamsini, nami nitagonga muhuri hapahapa."

Ilikuwa saa nne na nusu. Nimelirudia lile tukio mara nyingi kiasi kwamba sijui tena kama ukuta ulikuwa wa kijani au nimeupaka mwenyewe. Hotuba ilikuwa kichwani mwangu, kurasa zote nne. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, na mwalimu alikuwa anamenya chungwa. Hapakuwa na wanafunzi, ni yeye na chungwa lake. Nikamwambia Bwana Mulenga kwamba sijajiandaa. Nikamwomba Jumatatu.

"Jumatatu ni Machi," alisema.

"Kuna sehemu sijaiweka sawa."

Alinitazama kama mtu anayetazama mwingine akikataa maji. "Awe, mwana," alisema polepole, yaani hapana, mwanangu, na hiyo ndiyo mara pekee aliyoniita hivyo. Hakuna mtu aliyenizuia, wala sheria haikunidhulumu. Nimesikia watu wakilaani vyuo vyao kwa kuwalazimisha masomo yasiyo na maana, na mimi nikiwachapia barua zao za malalamiko naona wivu. Mlango wangu uliachwa wazi saa nzima na nusu. Niliikaa saa hiyo kwenye benchi la nje, nikitengeneza sentensi ya ukurasa wa tatu. Nilipoipata, mwalimu alikuwa amekwisha kupanda gari.

Sikumwambia Tantine. Machi ilipofika na ziwa likafunguliwa, na ufuko wote ukanuka moshi na magamba, mimi niliamka kila asubuhi, nikavaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe ya mwalimu wa mazoezi, nikaenda. Nilikaa nyuma ya soko la Kashikishi kwenye mawe, mahali ambapo nilisikia kengele ya shule ya Bupe, nikarudi kengele ya mwisho ilipolia. Tantine alinipikia yai kila siku kabla sijaondoka. Siku ya tatu aliniuliza watoto wangapi. Nikasema hamsini na wawili. Siku ya nne hakuuliza, wala ya tano. Wiki ya pili aliacha kunipikia yai, na badala yake alitoa wavu mmoja mkubwa ambao, alisema, hawezi kuumaliza peke yake. "Kama uko na nafasi," alisema. Nikavua blauzi, nikakaa chini upande wa pili wa wavu. Vile vitenge vya ndege weupe vilikuja kutoka kwa fundi, vikakunjwa, vikaingia sandukuni. Hatukuzungumza juu yake, siku ile wala miaka kumi na moja iliyofuata. Niliamini kwamba nilikuwa nimemficha. Niliamini anadhani nimefundisha, nimeshindwa kazi, nimeacha, kama wengi. Chuo kile kilifunga kituo chake Nchelenge, vingine vikaja. Bupe sasa ni mwalimu mkuu msaidizi, na bado hajui moyo wa samaki una vyumba vingapi. Watoto wanampenda. Huja kwangu kutoa fotokopi za mitihani, hulipa, husalimu, hatuongezi.

Jioni ile ya kugawa vitu niliitandaza kamba juu ya mashine ya fotokopi. Nikahesabu. Mafundo yalikuwa kumi na matatu, yamekaa kwa nafasi sawa, meusi kwa mafuta ya mikono yake. Nikapitisha kidole juu yake moja baada ya jingine kama yeye alivyopitisha kidole juu ya mihuri. Kumi na mawili yalikuwa magumu kama punje za mahindi. La kumi na tatu lilikuwa laini. Macho hayakuona tofauti yoyote. Kidole kiliona. Lilikuwa na mkia mfupi, umelazwa kando ya uzi, na mkia huo ulikuwa umechakaa kuliko kamba nzima, umesuguka mpaka umetoa manyoya, kama kitu kilichoguswa mara nyingi na mtu anayepita mlangoni.

Alikuwa amejua palepale jikoni, unga ukiwa hewani. Alilifunga la kungojea, akalitundika mahali ambapo ningeweza kuligusa siku yoyote, na kwa miaka kumi na moja mimi niliupita ule msumari nikiwa nimegeuza uso. Na hata baada ya kuelewa haya yote, nilifanya nilichozoea kufanya. Nilitaka kuhakikisha. Nilitaka kuwa na uhakika kamili kabla ya kulia. Nikaushika ule mkia kwa kucha mbili, nikauvuta.

Lilifunguka mara moja, bila ubishi. Nimejaribu kulifunga tena. Nimejaribu kila siku tangu hapo, asubuhi kabla wateja hawajaja, na kila mara nalikaza kupita kiasi. Sasa pale mwisho uzi umenyooka, na ukiutazama huwezi kujua kwamba kuna mtu aliyewahi kuningojea hapo.